Fundi Turubai wa Frere Town

Fundi huyu anafanya kazi karibu na kengele ya Frere Town, Mombasa, ile iliyowaonya watumwa walioachwa huru kila hatari ilipokaribia. Hagusi sindano kabla hajaitandaza turubai ya hema chini. Anapitisha kiganja polepole akitafuta uzi uliolegea, anapima, kisha anachora mstari kwa chaki.

Upindo anaukunja mara mbili. Uzi anaupaka nta mpaka unate. Kiganjani amevaa kipande cha ngozi chenye kibati cha chuma. Hicho ndicho kinachosukuma sindano nene ipenye tabaka zote. Kila pigo la sindano analikaza. Mshono ukienda upande, anaufumua wote, hata akiwa amefika katikati. Kwenye pembe anaongeza viraka, anatoboa matundu na kugongea pete za shaba, maana upepo ukivuma, kamba huvuta hapo.

Ndani ya hema la turubai kama hilo, Machi 1908, karibu na Laisamis, kaskazini mwa Kenya, Mwingereza Audley Blyth alikufa kwa risasi ya bastola. Alikuwa safarini na mkewe, Ethel, pamoja na John Henry Patterson, yule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo, wakati huo msimamizi wa wanyamapori. Enzi hizo matajiri wa Ulaya walishukia Mombasa, wakapanda treni hadi Nairobi, wakaingia nyika na wapishi, wabeba bunduki na wapagazi. Blyth alizikwa hukohuko, msafara ukaendelea. Ilielezwa kwamba marehemu alijiua; minong'ono ya Nairobi ikamhusisha Patterson na Ethel. Watumishi wa msafara walihojiwa, kwani turubai huziba macho, haizibi masikio. Mwaka 1909 Lord Crewe, waziri wa makoloni, alimsafisha Patterson bungeni London.

Fundi sasa amelisimamisha hema. Anamwagia maji paa lote, anaingia ndani, anachuchumaa na kungoja. Tone likidondoka, anatia alama ya chaki, analishusha hema na kurudi kwenye sindano. Mteja akipiga honi barabarani, hainui kichwa. Kazi haitoki mpaka ikauke ndani.

Uchunguzi wa kifo cha Blyth haukupata mkono wa namna hiyo. Ulifungwa kabla mshono haujafumuliwa, na hakuna aliyewahi kushtakiwa.