Kinachoosha Vinili si Presha

Theluji ikishayeyuka kaskazini mwa Marekani, nyumba nyingi zilizovikwa sidingi ya vinili huonekana zimeota utando wa kijani, hasa kwenye ukuta unaoelekea kaskazini, ambao jua haliupigi sawasawa. Wengi hukimbilia jambo moja: kukodi mashine ya presha kama ile ya kuoshea magari na kuuchapa ukuta mpaka weupe urudi. Kabla ya adhuhuri kazi imekwisha, na kwa kuwa matokeo yanaonekana papo hapo, mtu huamini kwamba presha ndiyo iliyoosha. Kazi hiyo ikichambuliwa hatua kwa hatua, picha inabadilika. Utando unaachia kwa sababu ya dawa iliyopakwa na dakika chache ilizopewa kukaa. Maji yanabeba tu kilichokwisha kuachia. Presha inapunguza muda, basi, na bei ya muda huo hulipwa nyuma ya ukuta, mahali pasipoonekana.

Tuanze na sidingi yenyewe, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Aliyekulia Mombasa, Tabora au Bukavu anajua ukuta ni tofali, mawe au udongo, na ukichafuka unapakwa rangi. Nyumba ya kawaida ya Columbus, Minneapolis au Louisville, miji ambayo wakazi wake wanaozungumza Kiswahili leo si haba, imejengwa kwa nguzo za mbao zilizofunikwa mbao za tabaka, kisha kitambaa cha kuzuia maji, na nje kabisa ndipo inapoangikwa vinili. Hiyo ni plastiki ya PVC yenye unene wa kama milimita moja, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950 kushindana na sidingi ya alumini. Neno kuangikwa nimelichagua kwa makusudi. Misumari hupita katika matundu marefu na haikazwi hadi mwisho, kwa sababu ubao wa vinili wa mita 3.7 unaweza kurefuka na kufupika kwa zaidi ya sentimita moja kati ya baridi kali na joto la kiangazi. Ukingo wa chini wa kila ubao una vitundu vidogo vya kutolea maji. Vitundu hivyo ni ushahidi tosha wa nia ya mtengenezaji: alijua tangu mwanzo kwamba mvua kidogo itapenya, akaiwekea njia ya kutokea. Vinili haikuumbwa kuziba maji. Inayateremsha, kama paa la makuti linavyofanya, ambalo linahimili masika nzima ilimradi maji yanatoka juu. Wa kulipiga paa la makuti maji kutoka chini kwenda juu hajapatikana bado, lakini kwa vinili watu hufanya hivyo kila Jumamosi.

Sasa tupime nguvu zinazohusika. Mpira wa kumwagilia bustani hutoa maji kwa msukumo wa pauni 40 hadi 60 hivi kwa inchi ya mraba. Mashine za presha za nyumbani huanzia zaidi ya pauni 1,000, na nyingi hufika 2,000 au 3,000. Mdomo mwekundu, wa nyuzi sifuri, unakusanya nguvu hiyo yote katika uzi mmoja wa maji. Uzi huo ukiingia chini ya mwunganiko wa mbao mbili za vinili, au kandokando ya dirisha, taa na soketi ya umeme, unapita kitambaa na kulowesha mbao na sufi ya kuzuia baridi. Huko ndani hakuna jua wala upepo, na ukungu uliofukuzwa nje hupata makazi mapya. Kama ubao ni wa zamani, au siku yenyewe ni ya baridi, plastiki huwa kavu na inapasuka. Mashine za maji ya moto ni balaa jingine: vinili huanza kulegea na kupinda kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na mashine za namna hiyo huvuka kiwango hicho bila shida.

Kuna pia alama ambayo kwa maoni yangu ndiyo ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu inabaki ukutani ikisomeka. Jua hula uso wa vinili mwaka baada ya mwaka na kuacha unga mwembamba kama wa chaki. Pitisha kiganja kwenye sidingi kuukuu nacho kitatoka cheupe, au chenye rangi ya ukuta. Fimbo ya presha ikipita kwenye unga huo haiuondoi sawasawa. Inachora mistari inayofuata mkono wa mwoshaji, hapa kumekolea, pale kumepauka, na ukuta ukikauka mistari hiyo haitoki kwa kuoshwa tena kwa presha. Itabidi kusugua ukuta mzima kwa brashi, au kuupaka rangi. Kama kweli nguvu ya maji ndiyo inayosafisha, kupita mara ya pili kungesawazisha mambo. Badala yake kunaongeza michoro.

Basi uchafu unatokaje? Jibu linategemea uchafu ni upi. Vumbi na chavua za maua zinahitaji maji na sabuni, hakuna zaidi. Utando wa kijani ni mwani, na vidoa vyeusi au vya kijivu mara nyingi ni ukungu. Hivi ni viumbe hai, na vinashika kwenye mistari ya ubao uliochapwa kufanana na mti. Kuvipangua kwa nguvu huacha mabaki ndani ya mistari, nayo huota tena. Ili kujua kama doa ni ukungu au ni uchafu wa kawaida, dondoshea tone la jiki: doa likipauka ndani ya dakika moja au mbili, ni ukungu. Jaribio hilo dogo lingeokoa kazi nyingi, kwani ndilo linaloamua dawa ya kutumia.

Chama cha watengenezaji wa sidingi hiyo huko Marekani, Vinyl Siding Institute, kinapendekeza kwa uchafu mwepesi na madoa ya ukungu mchanganyiko wa siki nyeupe asilimia 30 na maji asilimia 70, pamoja na kitambaa laini au brashi ya nywele laini yenye mpini mrefu. Palipokithiri ukungu, hutumika sabuni ya unga na jiki ya kufulia, takriban lita moja ya jiki kwa lita nne za maji. Tahadhari moja haina mjadala: mapishi haya mawili hayakutani ndoo moja wala ukuta mmoja ambao haujasuuzwa. Siki ikigusa jiki hutoa gesi ya klorini, na jiki na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Ajali hii hutokea kirahisi kwa sababu mtu amesoma shauri la siki hapa na la jiki pale, akadhani viwili ni bora kuliko kimoja.

Namna ya kupaka nayo ina mantiki yake. Kazi huanza chini kupanda juu, jambo linaloonekana kinyume kwa kila aliyewahi kupiga deki. Sababu ni kwamba maji machafu yenye dawa yakiteremka kwenye ukuta mkavu hujichimbia vijia, yakisafisha pale yalipopita tu, na vijia hivyo hubaki kama michirizi. Yakiteremkia sehemu iliyokwisha kulowa sabuni, yanachanganyika na kupotea. Unaoshwa upande mmoja kwa wakati, kivulini, dawa inaachwa dakika chache bila kukauka, kisha mpira wa kawaida wa bustani unasuuza kutoka juu. Hakuna hatua hata moja katika hizi inayodai presha.

Watetezi wa mashine watajibu kwamba watengenezaji wenyewe wanaikubali. Ni kweli, wengi wanaikubali, lakini masharti yao yasomwe: fimbo ielekezwe moja kwa moja kwenye kimo cha macho, isielekezwe juu, isikaribie madirisha, milango wala mabomba. Mtu aliyesimama ardhini mbele ya nyumba ya ghorofa hawezi kufika juu bila kuelekeza fimbo juu. Akipanda ngazi, mshindo wa maji unamsukuma nyuma. Kwa hiyo ruhusa hiyo inaisha hasa pale mashine ilipotakiwa, na sehemu inayobaki, ya kimo cha mtu, ndiyo ambayo brashi inaimaliza bila taabu.

Wengine wataelekeza kidole kwa wenye kampuni za usafi, ambao malori yao hayakosi mashine. Hao nawaona kama mashahidi wa upande wangu. Wengi wao kwa kazi ya nyumba wamehamia uoshaji laini: dawa ya klorini iliyozimuliwa mpaka kama asilimia moja ikifika ukutani, sabuni ya kuishikiza, muda wa kukaa, kisha maji mengi yenye msukumo mdogo na mdomo mpana. Mashine yao inapeleka dawa ghorofani, haikwangui.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bustani. Jiki inaunguza majani, inachakaza vyuma na kupausha nguo, na mtu anaweza kusema kwa haki kwamba maji matupu yenye nguvu yana madhara machache kwa mimea. Hapa nakubali kiasi. Jiki iwe ya mwisho, si ya kwanza. Siki au sabuni hutosha kwa kuta nyingi, na unga wa sodiamu pakaboneti unatoa oksijeni badala ya klorini. Pale ambapo jiki haina budi, maua yaloweshwe kabla na yasuuzwe baada. Lakini mmea ulioungua unaonekana kesho yake na unapandwa mwingine, ilhali mbao zilizolowa nyuma ya ukuta zinagunduliwa zikishaoza.

Lipo doa moja linalozishinda njia zote. Ni vidoto vyeusi vidogo vilivyonata kama lami kwenye sehemu ya chini ya ukuta, kazi ya kuvu iitwayo Sphaerobolus, inayoota katika matandazo ya vipande vya miti yanayowekwa kuzunguka maua. Kuvu hiyo hufyatua mbegu zake umbali wa mita kadhaa kuelekea kwenye mwanga, na ukuta mweupe kwake ni mwanga. Gundi yake ikikauka haisikii siki, jiki wala presha. Kidoto kikibanduliwa kwa kisu huacha alama ya hudhurungi. Wenye tatizo hili huishia kununua vinili mpya kwa ukuta huo, nayo ikapigwa tena msimu unaofuata kwa sababu matandazo hayakuguswa. Yaondolewe kwanza, pawekwe kokoto, ndipo suala la kuosha au kubadilisha mbao lizungumzwe.