Furaha ya Leo Katika "Mau Mau Kizuizini"

Msomaji, viko vitabu visomwavyo kwa ajili ya matukio yake, na viko visomwavyo kwa ajili ya tabia vinazofunza. Kitabu cha Josiah Mwangi Kariuki, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1963 na baadaye kikafasiriwa kwa jina la Mau Mau Kizuizini, kina sifa zote mbili. Wengi hukifungua ili wajue mateso ya kambi. Mimi nakusihi ukifungue pia ili uone jinsi mtu asiyejua mwisho wa taabu yake awezavyo kuipata furaha ya leo.

Mwandishi ni mtoto wa Nakuru. Alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, upande wa Bahati, katika jamaa ya wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu. Masomo yake yalikatika mapema kwa kukosa karo. Mwaka 1946 alishinda dau katika mbio za farasi, na fedha hizo zikamrudisha shuleni. Msomaji mwadilifu aweza kukunja uso kwa asili ya karo hiyo, lakini atazame ilichonunua: kijana aliyekwisha kuonja kazi ya shamba alikubali kuanza tena na vitabu vya watoto, akaendelea hata akafika King's College Budo, Uganda. Aliporudi alifungua hoteli mjini Nakuru, na mwaka 1953 akakamatwa. Aliachiliwa mwaka 1960.

Hapa yafaa tuelewe jambo moja ambalo ndilo kiini cha kitabu. Mfungwa aliyehukumiwa huhesabu siku zake, na kila jua likizama hesabu hupungua. Mtu wa kizuizini hakuhukumiwa. Kwa hiyo hakuwa na hesabu. Kesho yake ilikuwa mikononi mwa wengine. Kilichobaki chini ya amri yake kilikuwa leo tu, na Kariuki aonyesha vizuri jinsi leo hiyo ilivyotumiwa.

Sehemu iliyonipendeza kupita zote ni habari za Manyani, kambi iliyokuwa nyikani, mbali na Nakuru, karibu na Voi. Huko watu waliokatazwa habari waliokota vipande vya magazeti, wakavisoma kwa siri na kuvitangaza. Habari zilizothibitika waliziita Manyani Times. Uvumi na makisio waliyaita Waya Times. Cheka, msomaji, maana mzaha huo wastahili kicheko, kisha ufikiri. Watu wenye njaa ya habari njema ni wepesi wa kuamini lolote, lakini hawa walijiwekea mpaka kati ya lililo kweli na lile walilolitamani. Tena, waliojua kusoma waliwafunza wasiojua. Kwa hiyo mtu aliyeingia kambini bila herufi moja aliweza kutoka na elimu ambayo hakuna askari aliyeweza kumpokonya.

Imani nayo ilikuwa na mtihani wake. Katika kambi ya Athi River mahubiri yalitumiwa kuwa chombo cha kuwageuza watu na kuwakirisha. Hata hivyo, dini kutumiwa vibaya na wenye nguvu hakuifanyi sala ya mnyonge kuwa bure. Sala ya mtu aliyefungiwa ilimkumbusha kwamba yuko Mwamuzi aliye juu ya mkuu wa kambi.

Kuhusu jamaa, kitabu kina upungufu. Twasikia sana udugu wa wanaume waliogawana chakula na mizigo, lakini sauti za mama na wake waliobaki nje ni chache. Wakikuyu wengi walifukuzwa katika mashamba ya Bonde la Ufa miaka ile, wakapelekwa hifadhini na watoto wao na vyombo vichache. Wanawake waliowasha moto mahali pageni na kuwapikia watoto nao walikuwa na ushujaa wao. Habari zao zahitaji kitabu kingine, na pengine wewe usomaye hapa ndiwe utakayekiandika.

Hadhari moja imebaki. Asitokee mtu wa kusema kwamba, kwa kuwa furaha hupatikana hata kizuizini, mnyonge aridhike na kizuizi. Kariuki hakuridhika. Aliandika barua za kulalamikia hali ya kambi, akapigwa kwa sababu yake, akaandika tena. Furaha ndogo ilimpa nguvu ya kudai haki, haikumlaza usingizi. Wala haikumhakikishia mwisho mwema, maana mwaka 1975, akiwa mbunge katika nchi huru, aliuawa.

Nakuru yenyewe imeonja tena siku za mashaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukiana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya waliokimbia makwao. Siku zile uvumi ulikwenda kwa simu upesi kuliko miguu ya mtu, na Waya Times ikawatia wengi hofu na hasira. Basi, siku za namna hiyo zikija, kaa na jamaa yako, omba kwa moyo safi, na usome. Na kila habari ikufikiapo, kabla hujampa mwenzako, jiulize ni gazeti lipi kati ya yale mawili.