Mwalimu wa Tatu wa Wakili

Chuo kikuu kilitufundisha sheria. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ikatufundisha kuandaa nyaraka na kusimama mbele ya hakimu. Lakini sisi mawakili vijana wa Dar es Salaam tuna mwalimu wa tatu, asiyetajwa kwenye mahafali: karani wa mahakama.

Ndiye anayejua jalada liko kwa hakimu yupi, shauri limepangwa kutajwa au kusikilizwa, na kama wito umemfikia mdaiwa. Hati ya kiapo isiyoonyesha mahali na tarehe ya kuapa huiona kabla wakili wa upande wa pili hajaiwekea pingamizi. Kutoa ushauri wa kisheria si kazi yake, husema tu, "Wakili, soma tena ukurasa wa mwisho."

Mwaka 2021 sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, masijala haikushtuka. Mjane aliyefuatilia mirathi alikuwa akihudumiwa pale kwa Kiswahili miaka yote.

Jina la wakili huingia kwenye hukumu, la karani wa masijala halimo. Pongezi hizi ni za makarani hao, na wakili mpya anayeripoti mahakamani awaamkie kwanza.