Paka wa Mpwapwa katika nyumba ya Ilazo: kazi ilivyofanyika

Majirani zetu wa Ilazo, Dodoma, wakiwaona paka wawili wa shangazi wamejilaza barazani, huuliza tuliwapa dawa gani wasirudi Mpwapwa. Hakuna dawa. Kuna chumba kimoja, kanga isiyofuliwa, mabeseni ya mchanga na subira yenye mpango. Naieleza kazi hiyo kwa kina kwa sababu tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kaya nyingi zimehama, zimeungana na zimegawanyika, na paka ndiye anayesahaulika siku ya kupakia mizigo. Huachwa nyuma kwa kauli kwamba paka ni wa nyumba, si wa mtu. Kauli hiyo ina ukweli wake. Ukifuatwa vizuri, ukweli huohuo unaonyesha namna ya kumhamisha.

Shangazi alikuwa anakwenda kukaa na binti yake Morogoro, kwenye nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama. Paka wake ni mama mtu na mwanawe dume, wote wakubwa. Kwetu tayari kulikuwa na jike aliyekwisha kuhasiwa, mwenye mazoea ya kuitawala nyumba peke yake. Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili ya kutatua kwa pamoja: wageni wapakubali mahali, na mwenyeji awakubali wageni.

Paka hupajua kwake kwa pua. Ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni na katikati ya vidole. Kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti au kwenye gauni la mtu, anaacha alama yake. Katika miaka ya 1990 Patrick Pageat, daktari wa mifugo wa Ufaransa, alizichambua kemikali za mashavu ya paka, na leo nakala ya kiwandani ya kemikali hizo huuzwa madukani ili kuwatuliza paka wanaohama. Sisi hatukuinunua, maana paka wenyewe wanaitengeneza bure. Kabla ya safari, shangazi aliwatandikia kanga yake kuukuu wakailalia mpaka ikajaa manyoya. Akanipigia simu: "Mwanangu, hiyo kanga usije ukaifua. Ukiifua, umenifuta na mimi." Akafunga pia mfuko mdogo wa mchanga wa kule walikokuwa wakijisaidia, mchanga uliokwisha kutumika. Mfuko huo ulifanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote tulichobeba.

Kuhusu safari yenyewe, desturi ya wengi ni kumtia paka kwenye kiroba na kufunga mdomo ili asiijue njia ya kurudi. Mwaka 1922 Francis Herrick, mtaalamu wa zoolojia wa Cleveland, Marekani, aliandika kuhusu paka aliyebebwa ndani ya mfuko umbali wa kilomita kadhaa, akatoroka na kurudi nyumbani. Kiroba, basi, hakimfichi njia. Kinachofanya ni kumnyima hewa, na paka hapozi mwili kwa jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema na kulamba manyoya ili mate yakauke. Ndani ya kiroba, kwenye buti la gari, katika jua la Kongwa, anaweza kufa kwa joto kabla hujafika Mbande. Tulitumia matenga mawili ya plastiki ya kusafirishia kuku, lango limekazwa kwa waya, ubavuni pamefunikwa kitambaa chepesi. Kila paka na tenga lake, kwa sababu paka aliyeshikwa na hofu humrukia aliye karibu hata kama ni mama yake. Matenga yalikaa wazi nyumbani kwa shangazi siku kadhaa kabla, chakula kikiwekwa humo, ili yasiwe kitu kigeni. Alfajiri ya safari hawakupewa chakula, wasije wakatapika. Ni kama kilomita 120 mpaka Dodoma mjini, na tulifika kabla jua halijawa kali.

Hawakuonyeshwa nyumba. Walipelekwa moja kwa moja kwenye chumba kimoja kidogo, na hapa ndipo naona wengi wanaharibu kwa wema: wanamfungulia mgeni nyumba nzima ajisikie huru. Kwa paka, nyumba nzima isiyo na harufu yake ni uwanja wa hatari. Chumba kimoja anaweza kukipaka harufu kona zote upesi, na akishakipaka amepata kwake. Tulihakikisha wavu wa dirisha haujachanika, tukaziba tundu la siling bodi, maana paka mwenye hofu hupanda juu, na akiingia darini atatokea kwenye paa la jirani. Kanga ya shangazi ilitandikwa chini ya kitanda. Mchanga wa Mpwapwa ulinyunyizwa juu ya mchanga mpya wa mtoni kwenye mabeseni. Usiku ule ule dume aliingia kwenye beseni, akanusa, akafukua, akajisaidia mahali palipotakiwa.

Kanuni ya mabeseni inayokubalika ni idadi ya paka ukiongeza moja. Usafishaji ni wa kila siku. Paka aliyeambukizwa toksoplasma hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi, na mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza. Ukisafisha kila siku unakuwa umeuwahi ugonjwa. Mjamzito asiguse beseni kabisa.

Chakula ndicho kilichonifikirisha zaidi. Shangazi alisema kule walikula ugali wa mtama na mchuzi, basi. Sikuwa na shaka na maneno yake, ila hesabu haikukamilika. Paka ni mla nyama hasa. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na nafaka haina taurini. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akiikosa, retina ya jicho huharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba moyo nao hutanuka na kudhoofu. Sasa paka wa shangazi waliishije miaka yote kwa ugali? Jibu lilikuwa stoo. Kule kulikuwa na magunia ya mtama na karanga, na panya walikuwepo siku zote. Ugali ulikuwa wa kujaza tumbo, panya ndiye aliyekuwa lishe. Nyumba yetu ya Ilazo ina vigae na haina stoo ya nafaka. Ningewahamishia ugali peke yake, ningekuwa nimewahamishia nusu ya chakula chao, ile nusu isiyo na faida.

Tuliwapa dagaa wa Mwanza waliokaushwa bila chumvi, wakachemshwa, na supu yake yote ikamiminwa kwenye bakuli. Supu haimwagwi, kwa sababu taurini huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Mara nyingine tuliwapa maini kidogo, au samaki wa Mtera aliyeiva na kutolewa miiba. Ugali ulibaki kidogo wa mazoea, tena wa unga safi: sumukuvu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 haimwachi mnyama, na makapi yenye ukungu hayafai kutupiwa paka wala mbwa. Supu ilitatua na jambo la maji. Asili ya paka wa nyumbani ni pakapori wa nchi kame, jamaa wa huyu anayewinda mpaka leo katika mbuga za uwanda wetu. Hunywa kidogo na mkojo wake ni mzito. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana ladha ya chumvi, na mgeni huyakataa. Dume anayekunywa kidogo yuko hatarini kuziba njia ya mkojo. Ukimwona anachuchumaa kwenye beseni na hakitoki kitu, usingoje kesho, mtafute daktari wa mifugo.

Vilevile paka asipokula siku mbili au tatu mfululizo, ini lake huanza kujaa mafuta, na hilo huua. Ndiyo maana mama mtu alipogoma kula mwanzoni, chakula kilipashwa moto kidogo ili harufu ipande, kikasogezwa chini ya kitanda alipojificha. Aliletewa chakula hukohuko, hakuburutwa kukifuata.

Ini hilohilo ndilo chanzo cha onyo langu kubwa kwa watu wa mkoa wa wafugaji. Paka ana upungufu wa kimeng'enya ambacho wanyama wengine hutumia kuvunja baadhi ya kemikali. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe au ya kumpaka mbwa, hasa yenye permethrini, humtia paka degedege na kumuua. Kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua. Nimeona watu wenye huruma kabisa wakiuliza kiasi gani cha panadol apewe paka mwenye homa. Jibu ni hakuna.

Baada ya kama wiki, mama mtu alianza kupiga chafya na kutokwa machozi. Hilo lilitarajiwa. Paka wengi hubeba virusi vya hepesi vya mafua ya paka maisha yao yote, na mshtuko wa kuhama huviamsha siku chache baadaye. Ndiyo sababu nyingine ya mlango kubaki umefungwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa wote wawili walichanjwa Mpwapwa mapema, maana kinga huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Na dume alihasiwa kabla ya kukutana na uani pa jirani. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo majike hupata joto karibu mwaka mzima, na dume asiyehasiwa hatulii mwezi wowote.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka, kalenda haina kazi. Inayofuatwa ni ishara. Tulichukua soksi safi ya pamba, tukasugua mashavu ya wageni, tukaipitisha kwenye miguu ya meza sebuleni kwa kimo cha pua ya paka. Nyingine ikasuguliwa kwa mwenyeji, ikaingizwa chumbani. Jike wetu alifoka mara ya kwanza alipoinusa, masikio yamelala nyuma. Hatukusonga mbele mpaka alipoipita soksi bila kuijali. Kisha bakuli zikawekwa pande mbili za mlango uliofungwa, mbali kwanza, zikasogezwa kidogo kidogo. Kipimo kilikuwa kimoja: anakula bila kuinua kichwa? Ndipo ukaja mlango wa wavu, wakaonana wakila. Siku mwenyeji alipokodoa macho na kuacha chakula, bakuli zilirudishwa nyuma hatua mbili. Mlango ulifunguliwa mwisho kabisa, kwa muda mfupi, mbele ya chakula.

Nje walitoka baada ya wiki kadhaa, jioni, wakiwa na njaa, mlango wa jikoni ukiwa wazi nyuma yao.

Hawajawa marafiki, na si lazima wawe. Jike wetu hukaa sebuleni asubuhi, dume huingia baada ya chakula cha mchana, mama mtu ana chumba chake cha mwanzo na haonyeshi nia ya kukiacha. Paka hugawana mahali pamoja kwa saa tofauti bila ugomvi, mradi asiwepo anayelazimika kumpita mwenzake ili afike kwenye chakula au mchanga. Kwa hiyo bakuli zitabaki katika vyumba vitatu, na mabeseni hayatakusanywa kona moja hata kama sakafu ingependeza zaidi.