Ni nani anahesabiwa katika bei? Kuhusu riwaya «Utz» ya Bruce Chatwin

Bandugu, ile swali ya «hii ni ngapi?» tunaiuliza kila siku sokoni. Kuna riwaya fupi inayoiuliza juu ya sanamu ndogo za porselini, zile watu wanaweka ndani ya vitrini na kumkataza mtoto asiguse. Inaitwa Utz, ya Mwingereza Bruce Chatwin, na ilitoka mwaka 1988. Mimi niliisoma kwa Kifaransa. Mwandishi alijua anachosema: kuanzia 1958 hadi 1966 alifanya kazi London katika nyumba ya mnada ya Sotheby's, mahali ambapo kazi ni kuangalia kitu na kukipatia bei.

Kaspar Utz anaishi Prague wakati wa utawala wa kikomunisti, katika vyumba viwili, pamoja na sanamu zaidi ya elfu moja za kiwanda cha Meissen. Serikali imemwachia azilinde mpaka kufa kwake, kisha ziende kwenye makumbusho. Kila moja imepigwa picha na kupewa namba. Lakini Utz akishakufa, sanamu hazipatikani tena. Serikali inabaki na picha na namba.

Hapo njo uzuri wa kitabu. Kinatuonyesha kwamba kuandika kitu kwenye orodha si kukipima. Wapimaji wa kweli wanajua hivyo. Wanageuza sanamu kutafuta alama chini: kwa Meissen, ni panga mbili za bluu zilizopishana. Alama peke yake haitoshi, juu viwanda vingine viliiiga. Wanauliza ni nani aliyetengeneza mfano wa kwanza. Jina la Johann Joachim Kändler, aliyeingia Meissen mwaka 1731, linapandisha bei sana. Wanatafuta kidole kilichovunjika na kugandishwa. Wakimulika kwa taa ya ultravioleti, rangi mpya inaonekana tofauti. Wanadai karatasi za wale waliokuwa nayo mbele.

Halafu ukimaliza yote hayo, bado mnunuzi anaweza kukosekana. Muangalie sanamu za Hummel za Ujerumani. Kiwanda cha Goebel kilianza kuziuza mwaka 1935, kikifuata michoro ya mtawa Maria Innocentia Hummel. Baada ya vita, askari wa Marekani walizipeleka kwao, watu wakazikusanya miaka na miaka, vitabu vya bei vikachapishwa. Leo wale wakusanyaji wamezeeka ao wamekufa, na watoto wao hawazitaki. Wanauza wote kwa wakati mmoja. Sanamu ni zile zile, hazina ufa, alama iko chini. Bei imeanguka. Kitabu cha bei hakiwezi kukuahidi kwamba kesho kutakuwa mtu mwenye hamu.

Chatwin anaifahamu sana hamu ya tajiri. Ninapokosana naye ni kwa Marta, mtumishi wa Utz aliyekuja kuwa mke wake. Utz anapewa kurasa nyingi za kueleza mapenzi yake kwa Arlekino wa Kändler. Marta aliishi na zile sanamu ndani ya nyumba moja, lakini tunasikia maneno yake machache tu. Msimulizi anakisia kwamba wawili hao walizivunja sanamu, zikatoka na takataka. Kama ni kweli, basi Marta njo alitoa hesabu kubwa kuliko zote: mume wake alikuwa na bei kuliko kabati zima. Na hesabu hiyo mwandishi anatuachia kama makisio.

Si jambo dogo. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony aliyeanzisha Meissen, alimpa mfalme wa Prussia askari 600 ili apate vyombo 151 vya porselini ya China. Karibu askari wane kwa chombo kimoja! Vyombo vile vinajulikana mpaka leo kwa jina la askari wale, lakini jina la kila mmoja wao halimo katika bei. Na kwetu? Sanamu ya Waluba ao ya Wasongye ikifika mnadani Ulaya, mara nyingi inapanda bei kwa jina la Mzungu aliyeikusanya. Jina la mchongaji hakuna aliyeliandika. Kändler ana jina. Fundi wetu ana kabila tu.

Kwa hiyo mutu akikuletea bei, usiulize tu kama ni kubwa ao ndogo. Uliza ni mikono ya nani ilihesabiwa, na ya nani ilisahauliwa.

Kitabu ni kizuri, kisomeni. Ila mukifika kwa Marta, musikimbie.