Fimbo ya Mtu Mfupi

Fimbo ya kawaida ya pool ina urefu wa inchi 58, sawa na sentimita 147. Msichana mwenye kimo cha sentimita 150 akiisimamisha mbele yake, ncha inakaribia utosi wake. Hata hivyo siku ya kwanza anapoisogelea meza, hiyo ndiyo fimbo atakayopewa, kwa sababu zilizoegemezwa ukutani zote ni za kipimo kimoja. Akikosa mpira, watazamaji humwambia hajui kulenga.

Nasema ni dhuluma ndogo, na inaondoleka. Chukua mfano wa Milola, kata ya wakulima mkoani Lindi, watu wa ufuta na muhogo: hakuna mzazi wa huko atakayemkabidhi kijana wa miaka kumi na miwili jembe lenye mpini wa baba yake bila kuukata kwanza. Ujuzi wa kuulinganisha mti na mwili umo mikononi mwao tangu zamani. Kwenye meza ya pool tumeusahau tu, labda kwa kuwa fimbo ilikuja na meza, imeshatengenezwa, nasi tukadhani kitu cha kiwandani hakiguswi.

Kipimo kinachopendwa ni cha kusimama wima: fimbo ikiwa chini, ncha ifike kati ya kwapa na kidevu. Kinafaa pale unapotazama kwa haraka, ila hakuna anayecheza pool akiwa amesimama wima. Mpime mchezaji akiwa ameinama. Mkono wa mbele uwe juu ya meza, sentimita 20 hadi 25 nyuma ya mpira mweupe, na ncha ikaribie kuugusa mpira. Sasa tazama mkono wa nyuma. Kigasha kinatakiwa kining'inie wima kutoka kwenye kiwiko, bila kusukumwa nyuma wala kuvutwa mbele. Mahali vidole vinapoishika fimbo katika hali hiyo ndipo pake. Fimbo yake hasa ni ile inayobakiza mti kidogo nyuma ya ngumi. Ikibaki futi nzima au zaidi, fimbo ni ndefu kwake.

Mgeni wa mchezo hajui haya, hivyo huifuata fimbo badala ya fimbo kumfuata yeye. Anaona wenzake warefu wameshika karibu na kitako, naye anashika hapo hapo. Mkono unanyooka nyuma kupita kiasi, bega linapanda, kiwiko kinayumba wakati wa kupiga, na ncha inaugusa mpira pembeni kidogo ya pale alipokusudia. Jicho lilikuwa sahihi. Mti ndio ulioharibu.

Dawa ya kwanza haina gharama: asogeze mkono mbele. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo, na ningemshauri kila anayeanza ajaribu hivyo kwa majuma kadhaa kabla ya kuita msumeno. Tatizo ni kwamba ngumi ikisogea mbele, uzito mwingi unabaki nyuma yake, na ncha inakuwa nyepesi mno juu ya mkono wa mbele, inapenda kuinuka. Tena meza nyingi zimewekwa barazani au katika chumba chembamba, na kitako kirefu hugonga ukuta kabla mchezaji hajamaliza kuvuta.

Basi tumwite seremala. Akate upande wa kitako, asiguse upande wa ncha. Fimbo imechongwa ikipungua unene taratibu kuelekea ncha. Ukikata mbele unabaki na kichwa kinene kisichopokea ngozi ya ncha vizuri, na ule mnepo mtamu wa mti umepotea. Aanze na sentimita tano, mchezaji ainame tena, wapime upya. Subira hii ndiyo ninayoisifu kwa mafundi wazuri: wanajua kwamba mti ukishakatwa haurudi.

Sentimita 12 zikiondoka kwenye kitako cha kawaida, huondoka na gramu kama 50 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa mkono mdogo hilo mara nyingi ni jema. Ila wapo wanaoona fimbo imekuwa kama unyasi, na kwao mkoa wa Lindi una jibu ambalo viwanda vya mbali hulitafuta kwa bei kubwa. Kiini cheusi cha mpingo kikiwekwa majini kinazama. Uzito wake unakaribia mara mbili ya mbao nyeupe za fimbo za kawaida. Kipande kifupi kikiunganishwa kitakoni kwa ulimi na gundi, kisha kikapigwa msasa hadi mkono usihisi kiungo, uzito unarudi bila urefu kurudi. Mpingo hukua polepole mno, miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, na misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Fundi asikate mti kwa ajili ya fimbo. Gogo linalopasuliwa kwa ajili ya zumari za Ulaya huacha mabaki mengi, na kipande cha kiganja kimoja kinatosha.

Mwisho wa kitako gundisha mpira wa soli ya kandambili, maana sakafu ya saruji haina huruma.

Anayeogopa kwamba fimbo fupi si halali atulie. Kanuni za chama cha dunia cha pool zinataka isipungue inchi 40, wala hazina ukomo wa juu. Na anayedhani kimo kinazuia umahiri amtazame Masako Katsura wa Japani, mwanamke wa kimo cha sentimita 152 hivi, aliyeshindana San Francisco mwaka 1952 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwania ubingwa wa dunia wa biliadi.

Kuna jambo moja fimbo fupi haiwezi: kuufikia mpira uliokaa katikati ya meza. Kwa pigo hilo achukue ile ndefu ya ukutani, pamoja na kijiti cha kuegemezea. Na kama mchezaji bado ni mtoto anayerefuka, vile vipande vilivyokatwa vitiwe alama na kuhifadhiwa kwa seremala, viunganishwe tena atakaporefuka.