Harusi Usiku wa Manane

Mwaka wa kanisa unapofikia mwisho, tunasomewa tena habari za wanawali kumi, na karibu kila mara mahubiri huishia mlangoni: mlango umefungwa, watano wako nje. Tumezoea hivyo hata kukesha kumekuwa kwetu neno la kutisha. Tunatoka ibadani tukitetemeka, na ikifika Jumatano hofu imekwisha.

Kwa hiyo tuutazame upya wimbo tunaouimba Jumapili hizo, ule ambao kwa Kijerumani huitwa "Wachet auf". Aliyeutunga ni mchungaji Philipp Nicolai, nao ulichapishwa mwaka 1599. Nicolai alikuwa akichunga usharika wa Unna, Ujerumani, tauni ilipouingia mji mwaka 1597. Walikufa watu zaidi ya 1,300, na zilikuwepo siku za kuzika hadi watu 30. Makaburi yalionekana kutoka nyumbani kwake.

Mtu wa namna hiyo tungemtazamia aandike juu ya hukumu. Wimbo wake hauna hata jeneza moja. Mlinzi anaita kutoka juu ya ukuta wa mji, na anachotangaza ni harusi. Sayuni anaamka kwa furaha, na ubeti wa tatu tayari uko ndani, penye vinubi na malaika. Hata tuni yenyewe huanza kwa kupanda, kama tarumbeta. Sisi tunaiburuta kana kwamba tunasindikiza maiti. (Bach, alipoutungia kantata mwaka 1731, aliuzungushia ubeti wa pili muziki wa vinanda unaokaribia kucheza.)

Huzuni haikukosekana, ila ilifichwa. Herufi za kwanza za beti tatu za Kijerumani, zikisomwa kutoka mwisho, ni G, Z, W: cheo cha bwana kijana wa Waldeck, aliyekuwa mwanafunzi wa Nicolai na aliyefariki mwaka 1598. Marehemu huyo hakuombolezewa kwa jina. Amewekwa katika wimbo wa arusini.

Hata hivyo tuna neno na Nicolai. Wanawali wapumbavu hawamo kabisa katika wimbo wake. Anawaita wenye busara tu, na mlango haufungwi. Tena anawaambia wachukue taa, wala hataji mafuta. Katika mfano wa Bwana wote kumi walisinzia, wote kumi walikuwa na taa. Kilichowatenga ni mafuta yaliyonunuliwa mapema, mchana, wakati hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Mtu akiujua wimbo huu peke yake anaweza kudhani kwamba kualikwa ndiko kuwa tayari. Hilo ni pungufu, nasi hatuoni vema kulifunika kwa sababu tu wimbo ni mzuri.

Lakini tukilazimika kuchagua kati ya pungufu lake na letu, letu ndilo zito zaidi. Yeye aliuacha mlango akabaki na Bwana arusi. Sisi tumeushika mlango, na mara nyingi Bwana arusi hatumtaji mpaka kwenye sala ya mwisho. Mtu hanunui mafuta kwa ajili ya mlango.

Mwaka huu tumemwomba mwalimu wa kwaya aongeze mwendo. Wazee wawili wamelalamika kwamba tunauharibu wimbo wa mazishi.